Mnafiki, mzandiki, ndumilakuwili, laghai, tapeli: lipi la nani?

Siku hizi kila mtu mnafiki. Shabiki kahama Simba kaenda Yanga, mnafiki. Diwani kahama chama, mnafiki. Shosti hajakupongeza bethdei, mnafiki. Dalali kachukua kodi ya miezi sita kazima simu, na yeye utasikia "yule kaka mnafiki sana". Hili jambo linanikera kweli maana Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila aina ya mtu asiye mkweli na kila neno lina uzito wake, ukikosea unaweza kumbebesha mtu kosa ambalo hajalifanya, au ukampunguzia mzigo mtu ambaye sahivi alitakiwa awe anahojiwa kituoni. Yule dalali ni tapeli, na kati ya mnafiki na tapeli kuna umbali wa kumnunia mtu na kwenda kumfungulia jalada.

Kwahiyo nayaweka hapa mawili mawili, yale yanayochanganywa sana, ili ukiwa unaandika meseji, barua ya ofisini, status, au unaongea tu kijiweni ujue unachukua lipi. Mengine nitayagusa juu juu, mengine nitakaa nayo.

Mnafiki na mzandiki

Ukifungua kamusi kwenye mzandiki unaambiwa mnafiki, mwongo, na kwenye mazungumzo ya kawaida hakuna atakayekukamata ukiyabadilishana. Ila yametoka sehemu tofauti na ule utofauti bado unasikika masikioni.

Mnafiki limetoka Kiarabu, na wataalamu wa hiyo lugha wanalihusisha na shimo la panya wa jangwani, yule mwenye miguu mirefu ya nyuma anayerukaruka. Huyo panya anachimba makazi yenye zaidi ya mlango mmoja, mmoja uko wazi kila mtu anauona, mwingine anauchimba mpaka karibu na juu afu anaacha tabaka jembamba la udongo, ukipita hapo unaona ardhi tu. Adui akimvamia huku yeye anasukuma ule udongo kwa kichwa, anatokea kule, keshaenda. Ndio unafiki huo. Mtu anaingia kwenye jambo lenu kwa mlango mnaouona wote na huku kashajiandalia pa kutokea msipopajua.

Kwenye dini lilishika Madina enzi za Mtume Muhammad (s.a.w.), kwa watu waliosema kwa ulimi wameamini na moyoni hawajaamini, kinara wao akijulikana kuwa Abdullah bin Ubayy. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao, Al-Munafiqun, sura ya 63, na kwenye An-Nisaa aya ya 145 wanaambiwa watakuwa tabaka la chini kabisa la moto. Aliyepita madrasa anajua na ile hadithi ya alama tatu, akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiyana. Kwahiyo ukimwita mzee wa Kiislamu mnafiki pale Tanga au Lamu, hata kama unatania, usishangae akikunja uso, kwake umegusa imani yake na sehemu atakayolala akifa.

Kwa Wakristo nalo ni zito ila limeegemea upande mwingine kidogo. Biblia ya Union, Mathayo 23, Yesu anarudia na kurudia ole wenu waandishi na Mafarisayo, wanafiki, na pale shida haikuwa kwamba wale watu hawaamini, shida ilikuwa kuwatwisha wengine mizigo ambayo wao hawaigusi hata kwa kidole, kufanya mema ili waonekane, kusafisha kikombe nje na ndani kichafu. Afu kuna Wagalatia sura ya 2, Petro alikuwa anakula na watu wa mataifa vizuri tu, walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga kwa kuwaogopa, mpaka Barnaba naye akachukuliwa na unafiki wao. Huo mfano naupenda sana kwasababu unaonyesha mnafiki sio lazima awe mtu mbaya wa kupindukia, wakati mwingine ni mwoga tu, anaogopa kuonekana na upande anaoupenda.

Sasa mzandiki. Hili nalo limepita kwa Waarabu, asili yake Uajemi, na kule Baghdad lilikuwa neno la kufa na kupona, khalifa al-Mahdi aliyetawala 775 mpaka 785 aliwasaka watu walioitwa hivyo, yaani walioshukiwa kuficha imani nyingine nyuma ya Uislamu, na kuna waliouawa kwa ajili hiyo. Lilipofika kwetu ule ukali wa kidini ukapungua, likabaki tusi. Na hapo ndipo ninapotofautisha mimi: unaweza kusema "hiyo tabia ni unafiki" kwenye mahubiri, kikao cha ukoo, insha ya shule, na mtu akakaa akakusikiliza. Ukisema "mzandiki mkubwa wewe" mmeshagombana. Halina matumizi ya upole hilo. Na mara nyingi linakuja limefuatana na mwenzake, "wanafiki na wazandiki wakubwa", hapo ujue msemaji kaishiwa uvumilivu na anataka watu wote wajue. Kama bado una nia ya kupatana na huyo mtu wiki ijayo, baki na unafiki, tena sema tabia usimseme yeye.

Mnafiki na ndumilakuwili

Wengine wanaandika ndumakuwili, yote sawa, ni mwenye kuuma huku na huku. Ni jina la nyoka kwanza, yule wa kwenye udongo ambaye mkia wake butu unafanana na kichwa kiasi kwamba watu wanaamini ana vichwa viwili. Sharti la hili neno ni moja, lazima pawe na pande mbili. Mnafiki anaweza akawa mnafiki peke yake yeye na Mungu wake, ndumilakuwili hawezi, anahitaji watu wawili au makundi mawili yasiyoelewana ili yeye apate pa kukaa katikati.

Chukua nyumba yenye mgogoro wa mawifi. Jirani asubuhi kaingia kwa mke wa kaka mtu, "pole mdogo wangu, yule wifi yako kazidi, hata mimi kanishinda, we vumilia tu", kapewa chai na vitumbua kala. Jioni yuko kwa wifi mtu, "kaka yenu kapatikana jamani, mke gani yule hana hata salamu", kapewa futari kala. Huyo ndumilakuwili kamili. Hajapeleka neno la huku kule, hajagombanisha mtu, anachotaka ni kupendwa kote na kula kote. Ila siku akiongeza "unajua wifi yako alisema nini juu ya mtoto wako?" ameshavuka, hapo ni mfitini, mchonganishi, na watu wa pwani wana neno zuri sana la huyo, mzabizabina. Ndumilakuwili anafaidi mgogoro uliopo. Mzabizabina anautengeneza au anaukoleza. Ukimuita huyu wa pili ndumilakuwili umempendelea, maana fitina kwenye Qur'ani, Al-Baqara aya ya 191, imetajwa kuwa mbaya zaidi kuliko kuua.

Na hapo hapo wapo wanaomwita mmbea mnafiki. Jamani mmbea anaweza akasema kweli tupu kuanzia asubuhi mpaka jioni! Kosa lake ni kuzungumza yasiyomhusu, uongo hauhitajiki. Wapo wambea waaminifu kabisa, anakusema mbele yako na nyuma yako maneno yale yale. Mtu wa hivyo muogope kwa siri zako ila usimpakazie unafiki. Mzushi ndiye anayetunga, jambo halikuwepo kabisa yeye kaliumba, na kwenye mambo ya dini ya Kiislamu uzushi una maana yake nyingine ya kuingiza ibada ambayo haikuwepo, kwahiyo ukiwa kwenye mazungumzo ya misikitini angalia unapolitumia.

Kuna na ule usemi wa kuuma na kupuliza, unaotokana na panya anayekutafuna kisigino usiku huku anapuliza usisikie. Huo haubagui, unawafaa wote, ila mimi nauona unakaa vizuri zaidi kwa mtu mmoja anayekuumiza huku anakufariji, bosi anayepeleka jina lako kwenye listi ya kupunguzwa kazini afu anakuja mezani kwako "nakupigania sana bro". Hapo pande mbili hakuna, kuna wewe tu na yeye, kwahiyo ndumilakuwili halikai, mnafiki linakaa.

Mnafiki na kigeugeu

Hili fupi. Mtu akihama chama, timu, dini au msimamo, swali la kujiuliza ni je alipokuwa kule alikuwa anaamini kweli? Kama aliamini jana na leo anaamini kingine huyo kabadilika, na binadamu ana haki ya kubadilika. Akibadilika kila wiki ni kigeugeu, bendera fuata upepo. Unafiki unakuja tu pale ambapo alikuwa kule mwili na moyo wake uko huku. Ukishindwa kuujua moyo wake, na mara nyingi hutaujua, sema kigeugeu, hilo linahitaji macho tu na kumbukumbu.

Laghai na tapeli

Hapa ndio penye pesa za watu na ndio sehemu ambayo naomba usome pole pole.

Laghai kazi yake kubwa inafanywa na mdomo. Anakulainisha mpaka unakubali mwenyewe kwa hiari, na anachotaka kinaweza kuwa pesa, kinaweza kuwa penzi, kura, siri ya ofisini, saini tu kwenye karatasi. Mwanaume mtu mzima anayemwahidi mwanafunzi kwamba atamuoa akimaliza shule anamlaghai, na utaona magazeti yanaandika kumlaghai au kumrubuni, hayaandiki kumtapeli. Tapeli lazima kuwe na mali iliyotoka mkononi mwako kwenda kwake, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo toka mwanzo, au kipo ila sio chake: kiwanja cha mtu mwingine, ajira hewa, gari la bandarini linalosubiri "ushuru mdogo tu", chumba ambacho yeye mwenyewe ni mpangaji.

Tanzania sidhani kama kuna mwenye laini ya simu ambaye hajapata ile meseji, "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Iangalie ilivyotengenezwa. Haina salamu, haina jina lako, haina kiasi. Neno linalofanya kazi yote pale ni "ile". Ile hela. Kama hudaiwi na mtu unaifuta unaendelea na maisha, lakini kama leo ndio ulikuwa unajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi yake au fundi balansi yake basi "ile" inaingia kichwani moja kwa moja, unajua tu ni yeye, na ile sehemu ya jina litakuja fulani imeshakujibu swali kabla hujauliza mbona jina sio lenyewe. Anaituma kwa watu chungu nzima asiowajua, anahitaji mmoja tu ambaye siku hiyo ana deni. Pale hakuna ulaghai, hajakubembeleza, hamjawahi kuonana, ni utapeli mtupu, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wameweka namba 15040 ya kupeleka namba za watu wa aina hiyo, itumie. Ndugu zetu wa Kenya wanayo ya kwao, unapata meseji feki inayofanana na ya M-Pesa kwamba umeingiziwa pesa, dakika mbili mbele mtu anapiga analia kakosea namba, mtoto wake yuko hospitali, naomba unirudishie. Hapo utapeli umekodi ulaghai, ile meseji ni utapeli na kile kilio ni ulaghai. Huwa yanatembea pamoja hivyo, ndio maana yanachanganywa.

Sasa kuna kundi ambalo linaonewa sana na hili neno tapeli, nalo ni ndugu na marafiki waliokuingiza kwenye upatu. Kumbuka DECI ya Tanzania, mambo yaliyolipuka 2009. Watu walikuwa "wanapanda mbegu", unapanda hela unasubiri zamu uvune iliyozaa, na maneno yenyewe yalivyokuwa ya kupanda na kuvuna ilikuwa rahisi mtu wa kanisani kuyapokea. Serikali ilipoisimamisha, viongozi wake walishtakiwa kwa kuendesha upatu haramu. Lakini nani alimpeleka mama yako kupanda? Mara nyingi ni dada yake, ni mama wa kwaya, ni jirani ambaye yeye alishavuna kweli mara ya kwanza, akaona kabisa hela mkononi, akaja na furaha yake kukwambia na wewe. Huyo sio tapeli. Wala sio laghai, maana laghai anajua anachokuambia hakina ukweli. Yeye kalaghaiwa kama wewe, tofauti yenu ni kwamba alitangulia. Kuna koo ziliacha kuzikana kwa ishu za namna hiyo, na hilo linaniuma, kwasababu aliyetakiwa kuitwa jina baya alikuwa mtu mwingine kabisa ambaye hata hawamjui sura.

Na aliyekopa akashindwa kulipa? Naye watu wanamwita tapeli mchana kweupe. Rudi kwenye siku aliyokopa: alikuwa na nia ya kulipa? Alikuambia ukweli kuhusu anachoenda kufanyia hiyo hela? Kama ndio, ni mdaiwa. Akikukwepa mwaka mzima ni mdaiwa sugu, msumbufu, mtu wa longolongo, kila ukipiga ana stori mpya. Bado utapeli haujafika. Utapeli ni siku ile ile ya kwanza anakopa kwa kitambulisho cha bandia au kwa mzigo ambao haupo.

Kitu kingine, ukivuka mpaka neno linabadilika kazi. Magazeti ya Kenya neno ulaghai linabeba vyote, "mlaghai" kule anaweza kuwa mwizi wa pesa kabisa wa kufikishwa mahakamani, ulaghai wa ardhi, ulaghai wa dhahabu feki, na neno tapeli pia lipo ila halijatawala kama huku kwetu. Mtanzania akisoma "mlaghai akamatwa Nairobi" anaweza kufikiri ni habari ya mapenzi. Mtaani kule utasikia mkora, wakora, amekonwa (yaani katapeliwa), na wale wa noti bandia na karatasi za "kuoshwa" ziwe dola wanaitwa watu wa wash wash. Mkora ni pana, anaweza hata kuwa mhuni tu wa kawaida, kwahiyo usilitafsiri moja kwa moja kuwa tapeli. Huku kwetu mtaani aliyetapeliwa utasikia kapigwa, kaingizwa mjini, kapigwa changa la macho, kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nina shida na "kaingizwa mjini", kwasababu linamcheka aliyeibiwa na kumsifia mwizi, mtu kauza ng'ombe wa baba yake kalipia kiwanja hewa afu tunamwona yeye ndio mshamba. Sema katapeliwa.

Ujanja na hila

Watoto wa Kiswahili wote tumelelewa na sungura anayewazidi akili simba na fisi, na pwani kuna Abunuwasi anayewashinda mpaka masultani. Hao wanaitwa wajanja na tunawapenda, maana mara nyingi mdogo anajiokoa kwa mkubwa. Kwahiyo mjanja peke yake halijawa neno baya, "kuwa mjanja" mama anamwambia mtoto anayepanda basi peke yake mara ya kwanza. Linaanza kuchacha ukilirudia, janjajanja, ujanjaujanja, hapo tayari kuna harufu. Hila ndio haina sifa nzuri popote, ni akili ile ile imeelekezwa kumdhuru au kumnyang'anya mwingine haki yake. Angalia Biblia yetu inavyopanga: yule nyoka wa Mwanzo 3 anaitwa mwerevu, neno ambalo mtoto akiambiwa na mwalimu wake anafurahi, lakini Yakobo alipovaa ngozi za mbuzi akaenda kwa baba yake asiyeona kuchukua baraka ya kaka yake, Isaka anamwambia Esau nduguyo amekuja kwa hila. Akili ilikuwa nyingi pale, ila kuna mtu aliibiwa, na neno lenyewe likaonyesha.

Hadaa na ghiliba yapo kwenye familia hiyo hiyo, ila ni maneno ya mashairi, hotuba na vitabu zaidi kuliko ya sokoni. Dunia hadaa, ulimwengu shujaa, tunasema. Ukimwambia muuza nyanya "umenighilibu" ataelewa, ila ataona kama unasoma risala.

Maneno ya ofisini na mahakamani

Ukiwa unaandika barua, ripoti au malalamiko, neno salama ni udanganyifu. Halina hasira ndani yake. NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, wakifuta matokeo wanasema udanganyifu kwenye mtihani, na mahakamani Tanzania hati ya mashtaka haiandikwi utapeli, inaandikwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu tulichokizoea, Kenya ni cha 313. Kama kilichofanyika ni karatasi, yaani saini, muhuri, cheti, hati ya kiwanja, basi neno lake ni kughushi. Aprili 2017 Rais Magufuli alipopokea ripoti ya uhakiki wa vyeti pale Dodoma watumishi 9,932 walionekana wana vyeti vya kughushi, mtaani tukawa tunasema vyeti feki, na wengine wakawaita matapeli. Hapana, wengi wao walifanya kazi kweli, walifundisha kweli, walitibu kweli, kosa lilikuwa kwenye cheti kilichowaingiza, na neno kughushi linalikamata hilo kosa bila kuongeza lingine.

Msaliti na haini hayo yaweke mbali kabisa. Msaliti ni wa mapenzi, urafiki, timu, chama, mtu aliyekuwa wenu akawageuka, na lazima awe alikuwa wenu kweli, adui hawezi kukusaliti. Haini limetoka kwenye mzizi mmoja na ile hiyana ya kwenye hadithi ya alama tatu, ila kwetu limepanda cheo, uhaini ni kosa dhidi ya nchi na kwenye sheria zetu adhabu iliyoandikwa ni kifo. Mtu anayemwita mchezaji aliyehama klabu haini sijui anafikiria nini.

Ya mtaani

Usanii, ubabaishaji, magumashi, kamba, fiksi. Kamba na fiksi ni uongo tu wa maneno, tena mara nyingi wa kujikweza, jamaa anapiga fiksi kwamba ana nyumba Mbezi, hajamwibia mtu. Magumashi ni mambo yasiyoeleweka, dili ambayo ukiuliza risiti watu wanaangaliana. Usanii ni kufanya maonyesho, kuzindua mradi kwa mbwembwe na hakuna kinachoendelea nyuma. Ubabaishaji ndio ninaotaka uutenge, kwasababu fundi mbabaishaji na fundi tapeli wote watakurudishia simu ikiwa mbovu ila hawafanani: tapeli kachomoa kifaa kizima kakuwekea kibovu, mbabaishaji hajui kazi na anaona aibu kusema hajui. Wa kwanza anataka polisi, wa pili anataka mtu wa kumfundisha, na hela yako urudishiwe na wote wawili.

Nimalizie na grupu za vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana hela, maana huko ndio haya maneno yanatumika vibaya kila siku na yanaacha makovu. Kuna moja niliona, mama alikopa, mume akaugua, marejesho yakakwama, wiki ya pili picha yake iko kwenye grupu na maandishi mekundu "TAPELI HUYU MUOGOPENI", watu wanasambaza kwa mashemeji zake. Ukweli hela alikopa kwa utaratibu, fomu zipo, wadhamini wapo. Lile neno lilikuwa la uongo, na aliyeliandika alijiweka mwenyewe kwenye hatari ya kushtakiwa kwa kashfa, maana umemtangazia jinai mtu ambaye anadaiwa tu. Kama wewe ndio katibu au admini na unataka kikundi kijue, andika kilichotokea na uache jina la tabia: mwanachama fulani alikopa kiasi hiki, tarehe hii, marejesho mawili hayajaingia, wadhamini wake ni hawa, tumempigia hajapokea, kikao Jumamosi saa kumi. Na ikija kujulikana zile karatasi za dhamana alizoleta zilikuwa za kiwanja cha mtu mwingine, hapo sasa lete neno tapeli, ukiwa na nakala ya hati mkononi, kwanza kituoni ndio baadae kwenye grupu.